Oili ya giaboksi: Kinga ya pikapu inayosahaulika bonde la Kilombero

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MAJI yanayoneemesha mashamba ya mpunga katika bonde la Kilombero ndiyo hayo hayo yanayoharibu giaboksi za pikapu zinazoubeba mpunga huo kuupeleka sokoni.

Mvua za bonde hilo huanza kati ya Novemba na Desemba na kufikia kilele chake Machi na Aprili. Katika kipindi hicho vijito hufurika, madimbwi hukata barabara za vijijini, na dereva anayetoka shambani kuelekea mjini Ifakara hulazimika kuliingiza gari lake katika maji yanayofika juu ya ekseli.

Akishavuka salama, dereva hushukuru na kuendelea na safari. Asichokijua ni kwamba chini ya miguu yake, ndani ya sanduku la chuma asiloliona, huenda maji yamekwisha kuchanganyika na oili. Wiki kadhaa baadaye gia hukataa kuingia, naye hubaki akijiuliza tatizo limetoka wapi.

Kwa wakazi wa Viwanja Sitini, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Ifakara, pamoja na majirani zao wa kata nyingine za mji huo, jambo hili si dogo. Pikapu ndiyo hubeba mpunga, mbao, saruji na abiria, na mara nyingine ndiyo humkimbiza mgonjwa kutoka kijijini hadi Hospitali ya Mtakatifu Francis. Inapokwama porini usiku, hasara haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Barabara nazo zimebadilika. Tangu Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa Mei mwaka 2018, magari yanayokwenda Mahenge na Malinyi hayasubiri tena pantoni kuvuka mto Kilombero. Barabara ya kutoka Kidatu hadi Ifakara nayo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na tope, iliingizwa katika mradi wa kujengwa kwa lami.

Hata hivyo, mzigo wa mpunga hauanzii kwenye lami. Huanzia shambani, katika udongo mzito wa mbuga na vivuko visivyo na kalvati, na huko ndiko giaboksi hupata shida.

Kazi ya oili ndani ya giaboksi

Giaboksi ya kawaida, ile ambayo dereva hubadili gia kwa mkono akisaidiwa na klachi, ina shafti, beringi na meno ya gia yanayozunguka yakiwa yameshikana. Oili hukaa chini ya sanduku hilo, na meno yanapozunguka huichota na kuirusha kila upande.

Oili hiyo hufanya kazi nne: hutenganisha chuma na chuma ili visisagane, huondoa joto, huzuia kutu, na hubeba chengachenga za chuma hadi kwenye sumaku iliyoko katika nati za aina fulani za magari.

Tofauti na oili ya injini, hii haikutani na moto wala moshi, hivyo haigeuki nyeusi haraka. Giaboksi nyingi pia hazina kijiti cha kupimia, wala hakuna taa inayowaka mbele ya dereva kumwambia kwamba oili imepungua. Ndiyo maana wamiliki wengi humwaga oili ya injini mara kwa mara, lakini ya giaboksi huisahau hadi siku ya ubovu.

Watengenezaji wengi wa magari hutaja umbali wa kati ya kilometa 40,000 na 100,000 kabla ya oili ya giaboksi kumwagwa. Kwa gari linalobeba mizigo mizito, kuvuta tela au kupita katika maji na tope, umbali huo hupaswa kupunguzwa. Kwa gari lililozama hadi usawa wa giaboksi, kilometa hazihesabiwi tena. Oili hukaguliwa mara moja.

Jinsi maji yanavyoingia

Wengi hudhani kwamba giaboksi imezibwa kabisa. Ukweli ni kwamba ina tundu dogo la kupumulia, ambalo katika baadhi ya magari huunganishwa na mpira mwembamba unaopanda juu.

Gari likitembea, giaboksi hupata joto na hewa iliyomo ndani hutanuka na kutoka kupitia tundu hilo. Gari hilo likiingia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta chochote kilichopo nje. Kama tundu limezama, au mpira wake umekatika, kinachovutwa ni maji. Sili zilizochakaa, zile zinazozuia oili isivuje penye shafti, nazo hupitisha maji kwa njia hiyo hiyo.

Maji yakishaingia hayatoki yenyewe kwa urahisi. Yakikorogwa na meno ya gia, hufanya oili kuwa na rangi ya maziwa au ya chai ya maziwa. Mchanganyiko huo hauwezi kutenganisha chuma na chuma inavyotakiwa, na gari likiegeshwa, kutu huanza kushika beringi.

Difu, pamoja na transfa kwa pikapu zinazovuta kwa magurudumu yote manne, hukumbwa na hatari hiyo hiyo. Difu ya nyuma hukaa chini zaidi na huzama mapema. Kila moja kati ya hizo ina oili yake na nati zake, hivyo anayekagua giaboksi baada ya mafuriko hana budi kukagua zote.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni gia kuwa nzito kuingia, hasa asubuhi injini ikiwa bado baridi. Ya pili ni mlio wa kusaga wakati wa kubadili gia, ingawa klachi imekanyagwa hadi chini. Ya tatu ni mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, ambao mara nyingi hutokana na beringi. Ya nne ni gia kuruka yenyewe na kurudi katika hali huru, na ya tano ni matone ya oili mahali gari lilipoegeshwa.

Ni vema kukumbuka kwamba klachi mbovu nayo huleta gia nzito. Kubadili oili hakutengenezi klachi, wala hakurudishi meno yaliyokwisha kulika. Oili mpya hukinga kilicho kizima, haifufui kilichokufa.

'Namba 90' haitoshi

Dukani, wateja wengi huomba oili ya gia kwa kutaja 'namba 90' na kuondoka na dumu walilopewa. Namba hiyo hueleza uzito wa oili tu, kwa kipimo kilichowekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Katika oili iliyoandikwa 75W-90, namba ya kwanza huonyesha inavyotiririka kwenye baridi, na ya pili uzito wake inapokuwa na joto.

Aidha, namba za oili ya gia hazilingani na zile za oili ya injini. Oili ya gia namba 90 hukaribiana kwa uzito na oili ya injini namba 40 au 50, ingawa kwa kusikia namba mtu angedhani ni nzito maradufu.

Alama ya pili, ambayo wengi hawaisomi, ni ile inayoanza na herufi GL. Hiyo hutolewa kwa utaratibu wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, na hueleza kiasi cha kinga dhidi ya mgandamizo mkubwa. Zinazopatikana zaidi madukani ni GL-4 na GL-5.

GL-5 ilikusudiwa hasa kwa difu, ambako meno hugandamizana na kuteleza kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo huwekewa viambato vingi zaidi vya salfa na fosforasi. Giaboksi nyingi, kwa upande wake, zina pete za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Pete hizo aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, wenye rangi ya manjano.

Baadhi ya oili za GL-5 huweza kushambulia metali hiyo ya manjano. Hata zisipoishambulia, utelezi wake huweza kuzizuia pete zisishike vizuri, na matokeo yake ni gia kusaga. Hapo ndipo lilipo kosa la kununua dumu moja la oili ya difu na kulimimina pia katika giaboksi.

Wapo watengenezaji wanaoruhusu aina zote mbili. Kwa giaboksi nyingi za Toyota, kwa mfano, vijitabu hutaja 75W-90 ya GL-4 au GL-5. Kwa upande mwingine, baadhi ya pikapu za Isuzu zimeagizwa kutumia oili ya injini ndani ya giaboksi, na zipo giaboksi za magari mengine zinazotumia oili nyepesi ya aina ile ya giaboksi za otomatiki. Mwenye kumimina namba 90 katika giaboksi ya namna hiyo huifanya iwe nzito bila sababu.

Kwa hiyo msemaji wa mwisho ni kijitabu cha gari husika, si desturi ya mtaani. Kama kijitabu kilipotea, namba ya chasisi na aina ya giaboksi humwezesha muuza spea au fundi mwenye orodha za mtengenezaji kupata jibu sahihi.

Mnunuzi pia aangalie kama dumu limefungwa kwa lakiri isiyovunjwa, na kama lina nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni sababu ya kutilia shaka.

Maandalizi

Kwa pikapu nyingi ndogo, giaboksi huchukua kati ya lita mbili na tatu. Magari makubwa zaidi huhitaji zaidi ya hapo, hivyo kiasi kamili kisomwe katika kijitabu kabla ya kununua.

Vifaa vinavyohitajika ni spana inayokaa sawasawa katika nati (kwa Toyota nyingi ni namba 24), beseni pana, wosha mpya za nati, matambara, brashi, pampu ya mkono au mpira mwembamba wenye faneli, na glovu.

Gari liegeshwe mahali tambarare. Likiinama mbele au nyuma, kipimo cha oili kitadanganya. Pikapu nyingi ziko juu kiasi cha mtu kuingia chini bila kuzinyanyua, na gereji zenye shimo hurahisisha kazi zaidi.

Ikilazimu kunyanyua, gari likalishwe juu ya stendi za chuma pande zote kwa usawa mmoja, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Matofali nayo hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Hatua kwa hatua

Kwanza, gari liendeshwe kwa dakika 10 hadi 15 ili oili ipate uvuguvugu na kutoka pamoja na uchafu. Isiwe na moto mkali, kwani huunguza ngozi. Kisha injini izimwe na breki ya mkono ivutwe.

Pili, zitambuliwe nati mbili za giaboksi. Ya kujazia huwa ubavuni, na ya kumwagia huwa chini kabisa. Ni muhimu kuhakikisha kwamba si nati ya injini wala ya transfa. Tope lote lililozizunguka lisuguliwe kwa brashi na kufutwa, kwa kuwa punje za mchanga zikiingia ndani zitafanya kazi ya msasa.

Tatu, ifunguliwe nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi na kujutiwa baadaye. Nati ya kujazia ikiwa imeshika kutu na kukataa kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari litabaki halina oili na halina njia ya kutiwa nyingine. Ikikataa mapema, gari bado linaweza kuendeshwa hadi kwa fundi mwenye vifaa zaidi.

Nne, beseni liwekwe chini na nati ya kumwagia ifunguliwe taratibu, ikimaliziwa kwa vidole. Oili iachwe itoke hadi ibaki tone moja moja, kazi inayoweza kuchukua dakika 10 hadi 20.

Tano, nati ifutwe pamoja na sumaku yake kama inayo, iwekewe wosha mpya, kisha irudishwe kwa mkono kabla ya kukazwa kwa spana. Ganda la giaboksi nyingi ni la alumini, hivyo nguvu nyingi kupita kiasi huharibu hesi na kugeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku nzima.

Sita, oili mpya ipigwe kwa pampu kupitia tundu la kujazia. Asiye na pampu hupitisha mpira kutoka juu, penye boneti, hadi kwenye tundu, kisha humimina polepole kwa faneli. Oili ikianza kufurika kutoka tundu hilo, isubiriwe itulie na kuongezwa kidogo. Kwa magari mengi, kipimo sahihi ni oili kufika ukingo wa chini wa tundu.

Saba, nati ya kujazia ifungwe, sehemu zote zifutwe, na gari liendeshwe kilometa chache huku gia zote zikijaribiwa. Likirudi, likaguliwe kama linavuja, na likaguliwe tena kesho yake.

Oili iliyotoka husimulia

Kabla ya kuitupia jicho oili mpya, fundi mzuri huisoma ile ya zamani. Unga laini wa kijivu uliong'ang'ania sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno au beringi zilizovunjika, na hapo giaboksi hupaswa kufunguliwa. Vumbi la manjano linalometameta ni ishara kwamba pete za sinkronaiza zinalika.

Oili yenye rangi ya maziwa ni ushahidi wa maji. Katika hali hiyo kumwaga mara moja hakutoshi, kwani mabaki hubaki katika kona za sanduku. Hutiwa oili mpya ya aina inayotakiwa, gari huendeshwa umbali mfupi, kisha humwagwa tena, na kurudiwa hadi inayotoka iwe safi. Kusuuza giaboksi kwa dizeli au mafuta ya taa si jambo la kushauriwa, kwa sababu mabaki yake huifanya oili mpya kuwa nyepesi.

Baada ya hapo lazima ujulikane mlango ambao maji yaliingilia. Tundu la kupumulia lizibuliwe, mpira wake ukaguliwe na kuinuliwa juu ikiwezekana, na sili zinazovuja zibadilishwe. Bila hivyo, kivuko kinachofuata kitarudisha tatizo lile lile.

Oili chafu isiishie mtoni

Oili iliyotoka nayo ina safari yake. Ikimwagwa mtaroni, mvua huipeleka kwenye vijito na hatimaye mto Kilombero, ambao huungana na Luwegu na kuwa mto Rufiji. Bonde tambarare la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na ndilo chanzo cha samaki na mpunga kwa maelfu ya familia.

Oili chafu huhesabiwa miongoni mwa taka hatarishi, ambazo usimamizi wake umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kwa mwenye gari, njia rahisi ni kuirudisha katika dumu lenye kifuniko, kuandika juu yake kwamba ni oili chafu, na kuipeleka katika gereji inayowakabidhi wakusanyaji wenye kibali. Dumu hilo lisitumiwe tena kwa maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia.

Kabla ya masika

Wakati mzuri wa kukagua ni mara mbili kwa mwaka: kabla mvua hazijaanza, ili sili na tundu la kupumulia viwe tayari, na mara zinapokwisha, ili kujua kama kuna maji yaliyoingia. Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Hufunguliwa nati ya kujazia, huingizwa kidole safi, na hutazamwa kimo na rangi ya oili.

Kila kazi iandikwe katika daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, kilometa, aina ya oili na alama zake. Pikapu nyingi hupita mikononi mwa madereva kadhaa, na daftari hilo humwambia dereva mpya kile ambacho wa zamani alikijua.

Lita mbili au tatu za oili na saa moja ya kazi ni gharama ndogo ukilinganisha na giaboksi nzima, mbali ya siku ambazo gari hulala gereji wakati wa mavuno. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na katika pikapu inayovuka vijito vya Kilombero, mwiba wenyewe ni yale maji yasiyoonekana ndani ya oili.